Kitovu, Wishwa na Sultani wa Pate

Kiswahili cha kompyuta kina utajiri wa majina ya vitu na ufukara wa majina ya maafa. Vitu vimepata majina, tena vingine vina mawili yanayogombana: tarakilishi na kompyuta, nywila na nenosiri, kipakatalishi na laptopu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu nzima ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, Jambo OpenOffice, na mtu akaweza kufungua faili, kulihariri na kulichapa bila kuazima neno la mgeni. Lakini siku faili hilo linapotoweka, na seva nayo imezimika, na aliyeijenga hapokei simu, kamusi zinanyamaza.

Chukua jambo moja tu: kile kifaa, au yule mtu, ambaye akiondoka peke yake biashara nzima inasimama. Wataalamu wana istilahi yake kwa Kiingereza, na mwongozo mmoja uliopita mikononi mwangu uliitafsiri hivi: "nukta moja ya kushindwa". Kila neno hapo ni la Kiswahili, lakini ukiyaweka pamoja si Kiswahili. Nilipomsomea jirani yangu mwenye duka la dawa karibu na Savannah Road, hapa mtaani Donholm, Nairobi, aliniuliza kama ni habari za mpira.

Wakazi wa huku wana maneno yao. Sistimu haiharibiki, inakataa. "Sistimu imekataa," anakwambia karani, na kwa kauli hiyo lawama inatoka mabegani mwake na kuhamia kwa chombo chenye ukaidi wake. Kuna "sistimu iko chini", kuna "hakuna sistimu", ambayo husemwa kwa utulivu uleule wa "hakuna maziwa". Nayapenda maneno hayo, ila yote yanaeleza matokeo. Hakuna linalosema kwa nini.

Dai langu ni kwamba maneno ya sababu tunayo, na yametunzwa vizuri kuliko tunavyodhani. Yamo katika kisa cha Fumo Liyongo. Tena wa kutufundisha si Liyongo mwenyewe. Mashujaa ni walimu wabovu wa uendeshaji, kwa kuwa wanaposhinda tunasifu nguvu zao na hatuchunguzi utaratibu. Mwalimu ni adui yake, Sultani wa Pate, mtu aliyekuwa na bajeti, askari, gereza na nia, na bado mradi wake ukaanguka mara kadhaa kabla ya kufaulu kwa gharama ya sindano. Watu wa kompyuta wa Ulaya na Marekani nao wana adui wao wa kumcheka: Sauron wa riwaya za J.R.R. Tolkien, aliyetia uwezo wake katika pete moja isiyo na nakala, kisha akasahau kuweka hata bawabu mmoja kwenye mlango wa mlima ambao moto wake pekee ndio ungeweza kuiyeyusha. Ni mfano mzuri. Sisi tunao wa kwetu, na wetu una mikate.

Wanaohitaji kukumbushwa: Liyongo alikuwa mwana wa mfalme, shujaa na mshairi wa pwani ya kaskazini ya Kenya, na watu wa Kipini, pale Mto Tana unapomwagikia baharini, bado wanaonyesha kaburi linalosemwa kuwa lake. Wanahistoria hawajapatana kuhusu karne aliyoishi. Askofu Edward Steere alichapa kisa chake kwa nathari katika Swahili Tales mwaka 1870, na Muhamadi Kijumwa wa Lamu akakitungia utendi mwaka 1913. Sultani alimwogopa, akamfunga minyororo gerezani. Mamake, Mbwasho, akawa anampelekea chakula kwa mkono wa kijakazi aitwaye Saada.

Hapa ndipo pa kukaa. Askari wa gereza walikuwa wakikagua kila kinachoingia. Ukaguzi ulikuwepo, na ulikuwa mkali. Tatizo ni walichokuwa wakikitafuta. Chakula kizuri walikinyang'anya wakala wenyewe, kibaya wakakiacha kipite. Liyongo, ambaye hakuwa na silaha nyingine ila ushairi, alimtumia mamake ujumbe kwa wimbo: oka mikate mizuri, na oka mkate wa wishwa, na ndani ya huo wa wishwa utie tupa. Saada alipofika, askari wakaishika mikate mizuri. Ule wa wishwa wakaucheka wakampa mfungwa.

Mtu yeyote aliyewahi kusimamia mtandao wa ofisi anapaswa kuipigia magoti hadithi hii. Ukuta wa ulinzi uliwekwa, walinzi walilipwa, kumbukumbu za ukaguzi pengine ziliandikwa kila siku, na kifaa cha kuvunjia minyororo kikapita mbele ya macho yao kwa sababu kilivikwa kitu duni. Istilahi inayotumiwa na baadhi ya wafasiri kwa kinga hiyo, "ukuta wa moto", inazidi kupotosha. Kwa Kiingereza ni ukuta unaozuia moto usivuke kutoka nyumba hii kwenda ile. Kwa Kiswahili umekuwa ukuta unaowaka. Mwenye nyumba ya makuti akiusikia atakimbia kuchota maji. Lakini hata tukipata jina zuri la ukuta, bado tutahitaji jina la kile kinachopita ukutani kwa kudharauliwa, na hilo ni wishwa. Kiambatisho cha barua pepe kinachojiita ankara ya shilingi mia tatu ni wishwa. Printa ya zamani iliyounganishwa kwenye mtandao na ambayo hakuna aliyewahi kubadilisha nenosiri lake la kiwandani ni wishwa.

Donholm tunaoka mikate hiyo kila siku. Kuna korti ya nyumba hapa Phase Eight yenye geti la chuma, kamera mbili na kitabu cha wageni. Shangazi yako akija kukutembelea, ataandika jina, namba ya kitambulisho, nambari ya nyumba na saa ya kuingia, na asipokuwa na kitambulisho atasimama juani mpaka ushuke mwenyewe. Kijana aliyevaa ovaroli akibeba ngazi begani na kusema, "Natoka kwa watu wa intaneti," anafunguliwa kabla hajamaliza sentensi. Soja hata humsaidia kushika ngazi.

Basi tupa imeingia. Lakini kukata chuma kuna sauti, na ukuta wa gereza una masikio. Liyongo akawafundisha watu namna ya kupiga ngoma ya gungu, wakacheza nje kwa matari na vigoma na matasa, na katikati ya kelele ile yeye akakata minyororo ndani. Sultani, tunaweza kuamini, alisikia mdundo akadhani mji una furaha.

Tarehe 27 Julai 2023 Kenya nzima ilipigiwa gungu. Mfumo wa eCitizen, ambao wakati huo ulikuwa umebebeshwa huduma za serikali zaidi ya 5,000, ulimiminiwa maombi mengi kuliko uwezo wake. Wasafiri wa treni ya SGR wakashindwa kukata tiketi mtandaoni, wageni wakakwama na viza, na walionunua tokeni za stima kwa simu wakabaki wakitazama skrini. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilijigamba, na Oktoba 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani ikatangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili Wasudani. Waziri wa TEHAMA wa wakati huo, Eliud Owalo, alisema data haikupotea. Shambulio la namna hiyo wafasiri huliita "kunyimwa huduma", kauli inayomfaa zaidi mteja aliyekutana na karani mwenye kiburi. Kupigiwa gungu kunaeleza zaidi: kuna kelele, ni za kusudi, na mtu mwenye akili timamu hazibi masikio tu, bali huuliza pia kama kuna tupa inayofanya kazi chini ya kelele hizo. Wahandisi wa usalama wanajua kwamba mafuriko ya maombi wakati mwingine huletwa kufunika wizi mwingine. Gungu lina maana zote mbili.

Jaribio lililofuata la Sultani nitalipitia mbio, maana halina la kutufundisha ila kuhusu mipango inayotegemea adui kukubali zamu yake. Waliotumwa kumuua walikubaliana kula makoma kwa kikoa, kila mtu apande mkoma kwa zamu awaangushie wenzake, na zamu ya Liyongo ikifika wampige mishale akiwa juu. Zamu ilipofika akatoa upinde, akayaangusha matunda akiwa chini. Nimeona miradi ya sistimu mpya iliyoandikwa vivyo hivyo: kila kitu kitakwenda sawa endapo watumiaji watapanda.

Mwishowe Sultani aliacha minyororo akamtafuta mwana. Alimlainisha mtoto wa Liyongo kwa ahadi ya kuozwa binti yake na ya cheo, akamtuma amuulize babake ni kitu gani kinachoweza kumuua. Mwana akauliza, baba akajibu: sindano ya shaba, kitovuni. Baadhi ya masimulizi yanasema Liyongo alishuku, na akajibu hivyo hivyo, kwa kuwa aliyeuliza ni mwanawe. Hapo hakuna ukuta uliovunjwa. Mwenye siri ameitoa kwa mdomo wake, kwa mtu anayemwamini, katika mazungumzo ya kawaida.

Wizi wa namna hiyo ndio unaotumaliza huku Eastlands, na istilahi rasmi zinazoutaja ni nzito kama tofali: "uhandisi wa kijamii", eti, kana kwamba anayekupigia simu akijifanya wakala aliyekutumia pesa kimakosa amesomea uhandisi. Vijana wa Donholm husema "ameingizwa boksi". Kwa lugha ya kamusi lipo neno lililolala bila kazi: kurairai, yaani kumwendea mtu kwa maneno matamu mpaka akupe unachotaka. Urairai. Lina mdundo wa kitu chenyewe. Ulimi unatelezeshwa, na kabla hujafika mwisho wa neno umekwisha kutaja namba yako ya siri. Mdukuzi huvunja, na asili ya neno hilo, kudukua, ni kusikiliza kwa siri mambo yasiyokuhusu. Mrairai havunji wala hajifichi. Anabisha hodi na anakaribishwa chai.

Na sasa kitovu, neno ambalo kwalo nimeandika haya yote. Katika hotuba zetu kitovu ni sifa tupu. Nairobi ni kitovu cha biashara, Mombasa kitovu cha utalii, na kila gavana anataka kaunti yake iwe kitovu cha kitu. Anayesema hivyo anafikiria mahali mambo yanapokutana. Liyongo anatukumbusha upande wa pili: mahali mambo yanapokutana ndipo sindano inapoingia. Neno moja linabeba maana zote mbili, fahari na hatari. Mhandisi anayetafuta istilahi ya kile kitu kimoja kinachoweza kuangusha vyote ana neno lililokomaa, fupi, lenye kisa cha kulieleza, na ambalo kila mtoto anaweza kulionyesha kwa kidole tumboni mwake.

Mifano haiko mbali. Tarehe 11 Januari 2022 umeme ulikatika karibu nchi nzima baada ya nguzo za laini kubwa ya Kiambere hadi Embakasi kuanguka. Zilianguka Imara Daima, upande wa pili wa reli na viwanda ukitazama kutoka kwetu, na ikaelezwa kwamba kuna watu waliokuwa wamefungua vyuma vyake. Vyuma vya kuuzia skrapu, nchi gizani. Miaka mitano na ushei kabla ya hapo, tarehe 7 Juni 2016, tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma. KenGen ilisema zaidi ya megawati 180 zilipotea, na kilichofuata ni giza la taifa zima. Tumbili alinusurika akakabidhiwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Hakuwa ameahidiwa binti wa mtu.

Vitovu vya Donholm ni vidogo zaidi, na vingi vina jina la mtu. Yule jirani yangu mwenye duka la dawa, ambaye mtaa mzima humwita daktari, alipokwisha kuelewa kwamba si habari za mpira alisema papo hapo, "Aah, mwalimu, huyo si ni yule kijana wetu wa kompyuta!" Kijana ndiye aliyeweka programu ya mauzo, ndiye aliyeunganisha mashine ya risiti na eTIMS ya mamlaka ya kodi, ndiye aliyefungua akaunti ya barua pepe ya duka kwa namba yake mwenyewe ya simu. Kisha akapata kazi Doha. Kwa muda fulani, kila programu ilipoomba msimbo wa kuthibitisha, ujumbe uliingia kwenye simu iliyokuwa jangwani, mikononi mwa mtu aliyekuwa zamu ya usiku. Daktari aliuza dawa kwa kuandika kwenye daftari la Kasuku.

Nilimuuliza kama alikuwa na nakala za akiba. Alikuwa nazo: katika flashi, ndani ya droo, chini ya kompyuta ileile. Wafasiri wengine huita nakala ya aina hiyo chelezo, neno la baharini, kile kitu kinachoelea juu kuonyesha ilipo nanga au nyavu iliyozama. Ni istilahi ninayoipenda kwa kuwa ina sharti ndani yake. Chelezo kilichofungiwa ndani ya jahazi kitazama na jahazi.

Kuna sehemu ya kisa ambayo huwa nawasimulia watu wa seva, nao hucheka kwa uchungu. Liyongo alipochomwa sindano na mwanawe akiwa usingizini aliamka, akachukua upinde wake, akaenda karibu na kisima ambapo watu wa mji huteka maji, akapiga goti, akapachika mshale, akavuta, akafia hapo. Maiti haikuanguka. Watu walimwona kwa mbali, upinde umevutwa, macho yako mbele, wakarudi na ndoo zao tupu. Siku zikapita mji ukiwa hauna maji, kwa hofu ya mtu aliyekwisha kufa. Wakamwita mamake aje kumtuliza kwa wimbo, naye akaja, na mwanawe hakujibu.

Kila ofisi ina seva iliyokufa kiliyongo. Taa ya kijani inawaka, feni inazunguka, ukurasa wa ukaguzi unasema kila kitu kiko sawa, na hakuna ombi hata moja linalojibiwa. Foleni inarefuka, na hakuna mwenye ujasiri wa kuisogelea mashine, kwa kuwa mtu wa mwisho aliyeigusa alilaumiwa. Kufa kiliyongo: natoa kielezi hicho bure kwa BAKITA, kwa BAKIZA, kwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na kwa yeyote anayelala kando ya rafu za seva. Ni tofauti na kuwa chini. Aliye chini anajulikana yuko chini.

Niongeze Sultani mmoja, kwa sababu bila yeye mlango wa mwisho wa msamiati huu unabaki wazi. Katika kitabu kilekile cha Steere yumo Sultani Majnuni, aliyekuwa na paka. Paka akala ndama. Watu wakaja kushtaki, Sultani akawajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake, mwacheni. Wakarudi na habari za mbuzi, na ng'ombe, na wanyama wakubwa zaidi, kisha za binadamu, na jibu halikubadilika. Paka akawa anakua kwa kila taarifa iliyopuuzwa, mpaka alipowaua wana wa Sultani mwenyewe ndipo likapatikana jina lake la kweli: nunda, mla watu. Mwana mdogo aliyebaki alipoingia msituni kumwinda, alirudi na mbwa akimuuliza mamake kama huyu ndiye nunda, kisha na mnyama mwingine na mwingine, hata tembo, na kila mara mama akisema siye. Yaani nyumba ileile iliyopuuza kengele za kweli ikageuka kuwa nyumba ya kupiga kengele kwa kila kinachopita, na huo ndio ugonjwa hasa wa ofisi iliyokwisha kuibiwa mara moja: jana hakuna onyo lililosomwa, leo barua ya mteja inazuiwa kwa kuwa ina neno "malipo".

Hitilafu ndogo inayoachwa ikue kwa kuwa ni ya mkubwa tuiite paka wa Majnuni. Hapa Donholm wapo wengi, na wengi wao ni wapwa wa mwenye duka, waliopewa kaunta na namba ya siri ya tili kwa sababu ni damu. Jioni pesa zikipungua mia mbili, jibu ni lile la Sultani: kijana ni wangu, duka ni langu.

Sultani wa Pate alikosea mengi, lakini alijua adui yake ni nani, na aliposhindwa kwa njia moja alijaribu nyingine mpaka akaifikia sindano. Ningemhoji kwa kazi, nikamkatalia kwa mdomo mzuri. Majnuni nisingemwachia hata ufunguo wa kibanda cha M-Pesa.